Jina Asilopewa Kifungua Mimba

"Jina la mtoto?"

"Liz Awiti, afande."

Sajini Rael Nchagwa alikuwa ameuliza swali hilo mara tatu, kwa njia tatu, na majibu hayakupishana hata kidogo. Akaandika tena. Mwanamke aliyekaa mbele yake aliitwa Terry Akeyo, fundi wa kushona nguo Migori mjini, umri miaka thelathini na minane. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kwa kudungwa na sindano.

"Na umemzaa wewe."

"Nimemzaa mimi. Ndiye wa kwanza, ndiye wa mwisho. Sina mwingine."

Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, na Isebania ilikuwa inafanya kazi yake ya kila siku: malori yamepiga foleni, wabadilishaji pesa wamekaa chini ya miavuli yao, watu wanavuka kwenda Sirare kununua vitunguu na kurudi kabla sufuria haijachemka. Hapa mtu kuvuka mpaka si habari. Habari ilikuwa simu ya mwalimu mkuu mmoja wa Migori. Alisema ana mtoto wa gredi ya pili ambaye tangu chekechea hajaletewa cheti cha kuzaliwa. Kila muhula mama anasema kesho. Alhamisi mwalimu akamwambia sasa atamjulisha chifu. Ijumaa asubuhi mama na mtoto hawapo, na jirani anasema wamebeba begi.

Wakakamatwa hatua hamsini kutoka Tanzania.

Rael alimwaga vitu vya begi mezani, kimoja kimoja, akaviorodhesha. Sare mbili za shule. Mafuta ya kujipaka. Ripoti ya muhula, namba sita kati ya arobaini na moja. Kitabu cha kliniki, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Hicho akakifungua. Uzito wa kwanza ulikuwa umeandikwa mtoto akiwa na wiki sita, katika kliniki moja ya Migori. Mahali pa kuzaliwa hapakuwa na kitu. Uzito wa kuzaliwa, hapakuwa na kitu. Kisha penye kuulizwa mtoto huyu ni wa ngapi kwa mamake, nesi alikuwa ameandika nne, kwa wino wa buluu, tena nne iliyonona.

"Umesema ni wa kwanza."

Terry alitazama kitabu. "Nesi aliandika haraka. Kulikuwa na watu wengi."

"Nesi huandika anachoambiwa."

"Basi alisikia vibaya."

Rael aliandika hilo nalo. Hakukasirika. Tangu amzike mamake mwezi wa nane alikuwa hakasiriki, na chakula alikuwa anakula bila kusikia chumvi. Watu walimngoja alie pale kaburini, wakangoja, wakachoka, wakaenda zao. Kazini hali hiyo haikumdhuru. Mkubwa wake hata alisema faili zake zimekuwa safi kuliko zamani.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatatu asubuhi Terry anapelekwa kortini. Bila maelezo ya kuridhisha, shtaka ni wizi wa mtoto, na mtoto anapelekwa makao ya watoto mpaka damu ipimwe, na damu ya kulinganishwa na ya nani, hakuna aliyejua. Kwa sasa msichana alikuwa katika ofisi ya dawati la jinsia, akichora nyuma ya karatasi kuukuu, akiuliza kila nusu saa kama mama amemaliza.

Koplo Odhiambo alikuwa kaunta, mzee wa Homa Bay aliyebakiza miezi minane astaafu na aliyekuwa akiihesabu mbele ya kila mtu. Rael alimpa faili ainakili kwenye kitabu cha matukio. Odhiambo akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Sajini. Huyu mama amesema mtoto ni wa kwanza?"

"Amesema."

"Na amemwita Awiti?"

"Kuna shida gani?"

Odhiambo alikuna shavu. "Nyinyi Wakuria labda hamjui. Kwetu Wajaluo mama akizaa mtoto akafa, mmoja au zaidi, basi anayefuata hakumbatiwi. Anapelekwa alfajiri njia panda, au kwenye jaa, anawekwa chini. Mamake anaondoka, hageuki. Nyuma anapita mama mwingine, wamepangana, anamwokota, anauliza kwa sauti nani katupa mtoto mzuri hivi, anampeleka kwake. Baadaye mama mwenyewe anakwenda na kuku kumkomboa, kama anayenunua mtoto wa watu. Kifo kikija kutafuta mtoto wa fulani, hakimpati. Yule si wa fulani, ni wa kuokotwa. Akiwa mvulana anaitwa Owiti. Msichana, Awiti. Aliyetupwa."

"Na kifo kinadanganyika hivyo?"

"Mimi shemeji yangu ni Owiti. Ana miaka sitini na miwili na hupanda boda boda bila kofia." Odhiambo alirudisha miwani. "Ninachosema ni hiki, hilo si jina la kifungua mimba. Lina maiti mbele yake."

Rael alirudi chumbani, akakaa, akafungua kitabu cha kliniki palepale penye ile nne.

"Watoto wako watatu walizikwa wapi?"

Terry aliinua macho haraka. "Watoto gani?"

"Waliomtangulia Awiti."

Uso wa yule mama ukapoa. Mtu anayeogopa swali moja huwa na uso wa namna hiyo linapokuja lingine. "Aa, jina. Wameshakwambia. Hapana, afande, hilo ni jina la nyanya yangu, mama wa baba. Awiti wa huko Rongo. Mpigie naibu wa chifu wa kwetu, namba ninayo."

Rael akapiga. Naibu wa chifu alipokea akiwa mahali penye ng'ombe wengi. Ndiyo, Terry Akeyo ni wa kwake, anamjua, aliolewa akarudi. Nyanya yake? Mama Awiti, nani asiyemjua. Mama wa kanisa, mama wa watu. Rael alishukuru, akaona uzi wote umekatika mkononi.

"Tulimzika Desemba," naibu wa chifu akaendelea, kwa kuwa ni mtu anayependa simu. "Mvua siku ile ilituangushia hema, bwana, wageni wakala wali na maji."

Rael akasema pole. Akaandika: *jina limethibitishwa, ni la bibi.* Akapiga mstari chini. Akaenda kuchukua chai, akaja nayo hadi kaunta, akanywa nusu. Hapo ndipo alipotua kikombe.

"Mzee Odhiambo. Mtoto wenu anaweza kupewa jina la bibi aliye hai?"

"La bibi?" Odhiambo alicheka kidogo. "Jina la mzee huja kwa ndoto. Au mtoto analia hanyonyi, wanataja waliokufa mmoja mmoja, likitajwa lake ananyamaza. Sasa aliye hai aje kwa ndoto kufanya nini? Si atakuja kwa mlango?"

Kwao Kuria pia majina yalitoka kwa wazee waliolala, kwa hiyo Rael hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alimwaga chai iliyobaki, akarudi ndani kwa mwendo wake uleule.

"Nyanya yako alizikwa Desemba iliyopita," alisema. "Awiti ana miaka saba. Alipopewa jina, bibi yako alikuwa anapika na kula."

Terry alikitazama kitabu cha kliniki kilichokuwa wazi mezani.

"Na wewe ulimwambia nesi mtoto ni wa nne. Ulikuwa bado hujajifunza kudanganya, ukasema ulivyoambiwa. Nani alikuambia?"

Nje dereva wa lori alipiga honi ndefu, akaacha. Terry alivuta ripoti ya muhula karibu naye, akainyoosha kwa kiganja pale ilipokunjika.

"Sikumwiba," alisema. "Nilipewa."

Akasimulia bila kulia, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Zamani zile alikuwa hashoni. Alikuwa akinunua omena, dagaa wa ziwani, kule Sindo na kuuza Migori. Mume wake alikuwa amemrudisha kwao baada ya miaka sita bila mtoto. Pale Sindo alikuwa akilala kwa mama mmoja mzee, Min Otieno, yaani Mama Otieno, mama wa watu wa samaki, ambaye alijua shida yake maana mwanamke wa namna ile hujulikana shida yake bila kuisema. Jumatano moja yule mzee akamwambia: kesho alfajiri pita njia panda ya dispensari. Utakuta ungo. Beba kilichomo, usigeuke, na Sindo usirudi tena maishani mwako.

"Ukabeba."

"Nikabeba."

"Hukuuliza mamake yuko wapi?"

"Nilimwuliza Min Otieno. Alisema ni wa nne na watatu wamekufa. Alisema akibaki pale atakufa." Terry alimtazama Rael kwa mara ya kwanza usoni. "Ungekuwa wewe ungemwacha pale?"

Rael aliandika swali hilo kama lilivyo. Hakulijibu, maana si kazi ya mpelelezi kujibu.

"Na jina?"

"Kitu kimoja tu Min Otieno aliniomba. Liz nimeongeza mimi wakati wa ubatizo. Awiti ni yeye. Alisema asipoitwa hivyo, basi hajatupwa."

---

Jumamosi Rael na Odhiambo walipitia Homa Bay kujiandikisha kwa wenzao, kwa kuwa Sindo si eneo la Isebania na polisi wana wivu wa maeneo kushinda hata wavuvi. Saa tano walikuwa ufukweni. Min Otieno hawakumtafuta. Mtu wa kwanza waliyemuuliza alinyoosha kidole, na pale palikuwa na bibi mfupi, amefunga leso kiunoni, anatandaza omena juu ya wavu kwa ufagio.

Odhiambo alimwamkia kwa Kijaluo, akamwambia wanatoka wapi. Bibi hakuacha kufagia.

"Mmechelewa," alisema kwa Kiswahili, ili Rael asikie. "Mwaka ule nilikuwa nimeshafunga nguo zangu nikiwangoja."

"Unajua tumekuja kwa nini, Mama?"

"Ana afya?"

"Ana afya."

Ufagio ulisimama kidogo, ukaendelea.

Rael alitoa daftari. Alizoea watu wakane kwanza, halafu aanze kuwavunja ukuta tofali moja moja. Huyu hakuwa na ukuta. Alijibu kila kitu, kwa mpangilio, kama aliyekariri.

"Mke wa mwanangu, Millicent, alizaa wa kwanza, tukamzika. Akazaa wa pili, mvulana. Tukafanya kama inavyofanywa, akatupwa, jirani akaokota, Millicent akaenda na kuku akamrudisha nyumbani. Miezi mitano. Wa tatu msichana, tukafanya hivyohivyo. Miezi minane, huyo alikuwa ameanza kukaa mwenyewe." Alisukuma omena upande. "Kifo si mjinga, binti yangu. Kilikuwa kinatuona tukirudi naye. Kinakaa pale kwenye ua kinacheka."

"Kwa hiyo wa nne?"

"Wa nne nilimtupa kweli."

"Mamake alijua?"

"Mama akijua, si kutupa. Atamfuata." Alisema hivyo bila ukali. "Yeye alimweka chini akijua mimi niko nyuma na nitamwokota. Aliondoka, hakugeuka, kama nilivyomfundisha. Mimi nilikaa kwenye ukoka mpaka yule wa Migori amepita. Nikarudi nyumbani, nikasema nimefika na sikukuta kitu."

"Nani alitafuta?"

"Sote. Hata mimi nilitafuta, siku nne."

"Na hamkupiga ripoti."

Bibi alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Kwa nani? Twende kwa chifu tumwambie mtoto tuliyemtupa njiani ameokotwa?"

Odhiambo alitazama ziwa. Rael aliona sasa kwa nini faili hii haikuwahi kuwepo mahali popote, si Sindo, si Homa Bay. Mtoto aliibwa katikati ya mila ambayo wenyewe wasingeweza kuieleza mbele ya kaunta ya polisi bila kufungwa wao. Alikuwa ameona wizi wa akili nyingi kuliko huo, lakini si wa usalama kama huo.

"Unajua hilo ni kosa, Mama? Unaweza kufungwa."

"Najua." Bibi alielekeza ufagio kwenye nyumba ya mabati iliyokuwa juu kidogo. Mvulana wa miaka minne hivi alikuwa anafukuza kuku kuzunguka tangi la maji. "Yule ni Bravin. Wa tano. Huyo hatukumtupa, hakukuwa na haja. Hajawahi kukohoa. Nifungeni."

Millicent alikuja kutoka kwa kinu cha posho, beseni la unga kichwani. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu. Mumewe, Otieno, alikuwa visiwani na mtumbwi, hatarudi mpaka wiki ijayo. Rael alimwambia habari yote wamesimama, kwa maneno machache, kwa sababu habari za namna ile hazina njia ya kuzunguka. Alimwambia pia nani alipanga. Min Otieno alikuwa hapohapo, akasema, "Ni mimi."

Millicent aliteremsha beseni. Alifungua leso, akaifunga upya, akaikaza.

"Yuko hai."

"Yuko hai."

"Ameng'oa meno ya utoto?"

"Ya juu mawili yameng'oka. Mengine yanaota."

Aliitikia kwa kichwa. Alimtazama mama mkwe wake muda mrefu, na usoni hapakuwa na hasira wala furaha, palikuwa kama nyumba ambayo watu wamehama. Kisha akachukua unga akaingia jikoni. Walidhani amekwenda kulia. Baada ya dakika arobaini alitoka na ugali na samaki, akanawisha wageni mikono, akapakua. Wa kwanza kumpakulia alikuwa Min Otieno, kama siku zote. Bibi alipokea sahani yake kwa mikono miwili.

Walikula. Rael hakusikia chumvi, lakini aliona wenzake wakila kama watu wanaoisikia.

"Kesho nitakuja," Millicent alisema alipokuwa akikusanya vyombo.

---

Alifika Jumapili saa sita, peke yake, amevaa gauni la kanisani. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu kuku jike mweupe, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

Odhiambo alimwona kutoka kaunta. Akatoka nusu mbio hadi kwa Rael. "Amekuja na kuku," alinong'ona. "Amekuja kukomboa, Sajini. Miaka saba, lakini amekuja."

Rael aliandaa fomu ya taarifa. Mambo yalionekana yatanyooka. Mama mzazi yupo, atasema ameibiwa mtoto, damu itapimwa, korti itaamua. Terry na bibi wataingia jela, labda, lakini mtoto atakuwa amepata kwao. Faili safi.

Mlango wa dawati la jinsia ulikuwa wazi. Awiti alikuwa sakafuni amekunja miguu, anachora cherehani. Millicent alisimama mlangoni. Mtoto akainua uso, akamwamkia kwa Kijaluo kama alivyofundishwa kuamkia wakubwa. Millicent akaitikia.

"*Nyingi ng'a?*" akamwuliza. Jina lako nani?

"Awiti."

"Nani alikupa?"

"Mama." Mtoto alitazama kikapu. "Kuku wako anataga?"

"Ndiyo. Anataga."

Alichuchumaa ili mtoto amguse kuku kichwani. Mikono yao ilikaribiana, haikugusana. Rael, aliyekuwa akitazama vitu vya namna hii kwa kazi, aliona kwamba vidole vidogo vya miguu yao vilikuwa vimepinda kwa ndani vyote vinne, namna moja. Hapakuwa na haja ya damu. Millicent naye alikuwa anaitazama miguu hiyo.

Terry aliletwa kutoka seli. Alipomwona yule mgeni na kile kikapu, hakuhitaji kutajiwa jina. Alipiga magoti pale kwenye korido ya polisi, akasema, "Dada, ni wako. Mchukue. Mimi sikujua, lakini ni wako."

"Inuka," Millicent alisema. "Anakuona."

Terry akainuka, akapangusa uso kwa mkono wa gauni, akaingia kwa mtoto. Millicent akakaa mbele ya meza ya Rael, kikapu mapajani.

"Andika," alisema.

"Nianze wapi? Siku ile uliibiwa mtoto..."

"Sikuibiwa. Andika nilimtupa."

Rael aliweka kalamu chini. Alimweleza polepole, kwa utaratibu, kwa maneno ambayo angemwambia mtu yeyote. Akisema aliibiwa, Terry na Min Otieno watashtakiwa, naye atapata mtoto wake. Akisema alimtupa, mshtakiwa ni yeye, na mtoto huenda akaachwa kwa Terry kama mlezi. Kosa lenyewe lina kifungo.

"Naelewa."

"Halafu si kweli. Ulimweka chini ukijua ataokotwa."

"Nilimweka chini. Niliondoka. Sikugeuka. Hapo uwongo uko wapi?"

Rael alivuta fomu karibu. "Wale watatu waliugua nini?"

"Homa. Wote homa."

"Basi ni malaria, mama, au ni ugonjwa wa damu. Hospitali ya Homa Bay wanapima, wana dawa. Si mambo ya njia panda."

"Daktari alinieleza, hata kwa picha," Millicent alisema. Sauti yake ilikuwa tambarare, kama ya mtu anayesoma tangazo. "Alinieleza vizuri sana. Lakini daktari hakuwazika. Mimi nilikuwa nawaosha, Sajini. Watatu kwangu wamekufa. Mmoja hayuko kwangu, yuko hai, anachora. Aliyemfuata yuko hai, anafukuza kuku. Mimi nikimrudisha huyu nyumbani leo, usiku nitalala? Bravin akikohoa, nitamtazama huyu nifikirie nini?"

"Min Otieno alikuibia."

"Aliniibia. Sitamsamehe. Nitampikia mpaka afe na sitamsamehe." Aliweka kikapu sawa mapajani. "Lakini huyu ametupwa. Mmoja wetu lazima aseme hivyo kwa mdomo, mbele ya watu, ndipo iwe. Andika."

Rael alichukua kalamu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameandika taarifa za waongo wanaojiokoa. Ya mtu anayejizamisha hakuwahi. Aliandika maneno kama yalivyosemwa, akamsomea. Millicent alitia sahihi, herufi kubwa, ya shule ya msingi.

"Usitoke Sindo mpaka uitwe. Faili itakwenda kwa mkubwa, yeye ataamua."

"Sitatoka. Nitakwenda wapi?"

Alisimama, akakishika kikapu. Odhiambo alikuwa mlangoni, na Rael aliyaona macho yake yakienda kwenye kikapu, kisha kwa Terry, kisha kwenye kikapu tena. Mzee alikuwa anangoja kuku abadilishe mikono. Millicent alipita mbele ya ofisi ile, akapita mbele ya Terry aliyekuwa amesimama mikono imenyooshwa nusu, hajui ainyooshe au airudishe. Hakumpa kuku. Alitoka naye nje, kwenye jua.

Odhiambo alivua kofia. "Hakumkomboa," alisema kwa sauti ya chini.

Awiti alikuwa amekuja dirishani, amepanda kiti. Kupitia nondo aliona lile gauni la kanisani likivuka uwanja wa kituo, likipita magari yaliyokamatwa, likifika getini. Kuku alilia mara moja ndani ya kikapu. Mtoto akatoa mkono wote nje ya nondo, akapunga, akapunga tena kwa nguvu.

"Hageuki," alisema. "Nampungia na hageuki."

Rael alikuwa amesimama nyuma yake, faili mkononi. Alimeza mate, na mate yalikuwa ya chumvi.

"Amekuona," alisema.